Waliobaki Migosi

Tarehe ishirini na mbili mtaa ulijifunga zipu.
Unga, kreti mbili za soda,
blanketi la nyanya, televisheni ya kuonyesha jamaa,
wote wakaelekea Ugenya, Seme, Butere, Vihiga.
Mbwa hawana nauli.

Mimi nakaanga mgongo wazi kule Obunga,
mifupa ya mbuta aliyekwisha vuliwa minofu.
Minofu hupanda ndege, mifupa hutubakia,
kwa hiyo habari za makombo nazijua.
Jioni ile nilipofunika karai
walinifuata tisa, na paka mmoja wa kiburi
aliyetembea kando, kana kwamba hatujuani.

Ninyi ni wa nani?
Mmoja alikuwa na mkanda shingoni, umeandikwa BOSI.
Bosi gani huyu, mbavu zinahesabika?

Sikuwa na akili. Niliwatupia mifupa mikavu,
mmoja ukamkwama Bosi kooni.
Nilitia vidole hadi kwenye kidakatonge,
nikauchomoa, naye, muungwana, hakuniuma.
Tangu siku hiyo nachemsha vichwa hadi vinapondeka,
nachanganya na ukoko wa ugali,
bila chumvi, bila pilipili. Kitunguu, kamwe.
Alinifunza daktari wa mifugo, Wanyama
(naam, ndilo jina lake, na amechoka kuchekwa).
Alikuja kwa bodaboda, kisanduku cha barafu mapajani,
akawachanja kichaa cha mbwa pale kwenye kioski cha maji,
akamfunga kila mmoja utepe mwekundu
ili mtu akija usiku na nyama yenye sumu
aone: huyu ana mtu.

Ana mtu.
Nilikwenda nalo hilo neno hadi kitandani.

Omuse wa kuosha magari alipasua mtungi ubavuni,
ukawa hori; huujaza maji alfajiri,
maana jua la Kisumu halina sikukuu.
Fundi Khasoa alishindilia gunia vipande vya vitambaa:
sare za shule, kitenge,
mkono wa suti ya harusi iliyoahirishwa.
Paka akalichukua gunia. Hakuuliza.

Wapo walionisema: watoto wana njaa, wewe walisha mbwa.
Kweli. Sikuwa na jibu la kuwashinda.
Niliwaambia tu, sufuria ya watu iko upande huu.
Wakaja, wakala, wakaendelea kunisema.

Kisha nyumba namba kumi na nne.
Sauti nyuma ya geti, nyembamba kama bawaba kavu.
Nilitafuta nambari ya mwenyewe, nikapiga.
"Tumemwachia ugali," akasema.
Wa siku ngapi?
Kimya. Ndani ya kimya hicho
nikasikia kuku akitiwa mafutani.
"Ufunguo," akasema mwishowe, "uko chini ya chungu cha maua."
Kamba ilikuwa imezunguka nguzo mara sita.
Bakuli lilikuwa mbali kwa shibiri moja.

Usiku wa mwaka mpya fataki zilipasuka Kondele.
Kumi walijibana chini ya meza yangu ya samaki,
meza ikatetemeka kama ina homa,
nami nikaketi sakafuni, mgongo ukutani,
nikiwaambia habari zisizo na maana: bei ya mafuta,
mkwe wangu, mvua.

Januari walirudi, wamenenepa, viatu vina matope mekundu.
Mtoto alipiga mluzi. Bosi aliniangalia,
akaangalia mluzi,
akaenda. Ndivyo inavyopaswa,
ingawa siku hiyo nilichoma samaki wa watu.

Basi mwaka huu, kabla hujafunga zipu, nipitie.
Niachie ufunguo, na hela ya unga kilo nne.
Na ukitafuta zawadi ya kumfurahisha mwanao,
mnunulie viatu. Viatu huisha kufikia Agosti.
Mbwa ni miaka kumi na mitatu.

Paka bado yumo guniani.
Hatujuani.